Uyoga mweupe wa kwenye korpi: kisa cha mfuko mmoja wa uyoga huku Ufini

Majina sijaweka, mji sitaji, mwaka sitaji, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wahusika wasijulikane. Mwenye kisa nitamwita Mama, rafiki yake nitamwita Shangazi manake ndivyo mtoto wa Mama anavyomwita, na huyo mtoto, miaka 15, nitamwita Kijana. Mama mwenyewe ndo alinisukuma niandike, alisema "andika kaka, wasije wakaingia wengine". Mimi naokota uyoga huku kila vuli miaka mingi sasa, na kozi ya kuutambua nimesoma, kwaiyo watu wetu huwa wananitumia picha.

Historia yake na uyoga

Mama amekulia ukanda wa miombo. Wanaotoka huko wanajua, mvua za kwanza zikishika wanawake na watoto wanaingia porini alfajiri, na mchana barabarani unakuta mabeseni yamepangwa, uyoga wa njano, mwekundu, mweupe, ule mkubwa wa kwenye vichuguu unaolingana na sinia. Mama alikuwa anaujua uyoga kwa majina kabla hajajua kusoma. Nasema hili mapema manake watu wakisikia kisa cha sumu wanafikiri ni mtu aliyebahatisha tu. Huyu hakubahatisha, alikuwa na elimu, na elimu yake ni ya kweli.

Alipofika Ufini kitu cha kwanza kilichomfurahisha ni kwamba msitu hauna mwenye kukufukuza. Huku kuna haki ya kila mtu, jokamiehenoikeus, unaokota matunda na uyoga hata kwenye msitu wa mtu binafsi bila kuomba wala kulipa, mradi usiingie uani kwa watu na usiharibu. Nikampeleka mara ya kwanza mwezi wa nane na hatujamaliza hata nusu saa akainama akachomoa kantarelli, ule wa njano, akanusa akasema "huu tunao kwetu". Na ni kweli, sio uyoga ule ule kabisa ila ni ndugu wa damu. Miti ya miombo inaishi na uyoga kwenye mizizi yake, wanalishana, na miti ya huku, kuusi na koivu, inafanya hivohivo, kwaiyo koo za uyoga zinazopenda maisha ya namna hiyo unazikuta pande zote mbili. Nikamwambia Mama wewe ni mtaalamu. Hilo neno nitalirudia huko chini.

Sasa korpi ni nini. Ni msitu wa kinamasi, miti yake mikuu ni kuusi, ile mirefu ya kijani kibichi yenye majani ya sindano, ikichanganyika na koivu zenye gome jeupe. Chini hakuna udongo unaouona, kuna sammal, yale majani mafupi laini yanayofyonza maji kama sponji, ukikanyaga mguu unazama hadi kwenye kifundo na maji meusi yanapanda. Bila mabuti ya mpira usijaribu. Uyoga unapapenda sana manake hata jua likiwaka wiki mbili pale hapakauki, na sumu mbili mbaya kuliko zote za huku zinakaa hapohapo.

Jumamosi ile

Katikati ya Septemba, mvua imenyesha karibu wiki nzima. Saa nne asubuhi Mama, Shangazi na Kijana wakaingia msituni. Shangazi ndo mara yake ya kwanza. Walifuata suppilovahvero, uyoga mdogo wa kahawia wenye mguu wa njano, unaota kwa makundi, ukiuona mmoja ukachuchumaa unakuta hamsini. Wakapata wa kutosha, wakatia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani.

Saa sita hivi, pembeni ya korpi pale koivu zinapoanza, Mama akaona uyoga mitano mieupe imesimama kwenye sammal. Baadae aliniambia "kaka, moyo ulinidunda, nilijiona nimefika nyumbani". Miombo kuna uyoga mweupe mkubwa, wataalamu wanauita Amanita zambiana, una pete shingoni na kifuko chini kwenye mguu, na unaliwa na kuuzwa kabisa, ni mtamu. Huo ndo aliokuwa nao kichwani.

Akaukagua kama alivyofundishwa na mama yake. Akanusa, hauna harufu mbaya. Akaona mmoja umetafunwa pembeni na konokono wale wasio na gamba, akasema kama mdudu kala basi na mtu anakula. Kijana akatoa simu, akafungua programu ya kutambua uyoga, akapiga picha kwa juu, ikamletea herkkusieni, yaani ukoo wa ule uyoga mweupe wa supamaketi. Vitu vitatu vinasema ndio. Mama akatoa kisu akakata usawa wa sammal, akausafisha palepale, akatia mfukoni.

Kile kisu nilimfundisha mimi. Kwa kantarelli na suppilovahvero tunakata na kusafisha hukohuko msituni ili uchafu usiende nyumbani, na sikuwahi kumwambia kwamba uyoga usioujua haukatwi.

Nyumbani suppilovahvero ikatandazwa kwenye magazeti ikauke. Mweupe ukachemshwa, maji yakamwagwa, ukaungwa na kitunguu, nyanya na karanga. Saa kumi na moja jioni wakala. Shangazi sahani nzima na ugali, Mama matonge machache tu manake alikuwa kwenye simu na ndugu zake. Fungu la Kijana likafunikwa, yuko mazoezini.

Saa moja na dakika kumi Kijana kabla hajala akanitumia ile picha WhatsApp: "Anko huu unaitwaje kwa Kifini?" Hakuwa na wasiwasi wowote, alitaka jina tu.

Maamuzi ya usiku ule, na kwa nini

Nilikuwa naendesha, nikaiona saa moja na nusu. Kofia nyeupe tupu, ina kancha kidogo juu kama yai lililosimama, inang'aa kwa unyevu. Nikaegesha nikapiga simu.

Nikauliza mambo matatu. Kurasa za chini ya kofia, zile zinazofanana na kurasa za kitabu, rangi gani? Nyeupe. Hapo programu ikaanguka, manake herkkusieni kurasa zake zinakuwa za waridi halafu kahawia, hazibaki nyeupe. Mguu ukoje? Una magamba magamba, kama umevaa kitambaa kilichochanika. Na chini kabisa kwenye mzizi kuna nini? "Hatujui Anko, tumekata."

Uthibitisho sikuwa nao. Ila mweupe mwili mzima, kurasa nyeupe, mguu wenye magamba, korpi, Septemba, nikaamua tuuchukulie kuwa ni valkokärpässieni mpaka mtu athibitishe vingine. Huo kwa kitaalamu ni Amanita virosa, ukoo mmoja na ule mweupe wa miombo, ila huu unaua. Sumu yake, amatoksini, haifi kwa kuchemsha wala kukausha wala kumwaga maji. Inaingia kwenye ini na kuzima kazi ya seli kutengeneza protini. Na inakaa kimya, kawaida kati ya saa 6 na 24 mtu hasikii chochote, akianza kutapika ini limeshaanza kuliwa muda mrefu.

Kwaiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosubiri dalili. Wamekula saa kumi na moja, sasa ni saa mbili kasorobo, hawajafikisha hata saa tatu tumboni, huo ndo muda mkaa wa dawa, ule unaomezwa ushike sumu tumboni, bado una kitu cha kushika. Nikampa Mama namba ya kituo cha taarifa za sumu, 0800 147 111, ni bure na wapo usiku na mchana. Mtu akishazidiwa huko sio kwa kuuliza tena, unapiga 112, namba ya dharura.

Hapa palikuwa pagumu kuliko kutambua uyoga. Shangazi anasema "mbona mimi mzima wa afya?" Mama kanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo "unaniaibisha mbele ya mgeni wangu". Fikiria, mtu amempikia mgeni kitu cha kwao, cha furaha kabisa, halafu simu inakuja kumwambia amempa sumu. Ningemwambia amekosea angekata simu, najua. Nikamwambia "Mama, uyoga wa kwenu unaujua na mimi siujui kama wewe. Ila huku ana ndugu yake muuaji amefanana naye. Twende hospitali tukiwa wazima, tukirudi wazima hakuna aliyepoteza kitu". Akavuta pumzi. Akapiga.

Kituo wakawaambia nendeni hospitali sasa hivi, msijitapishe, na bebeni mabaki yote. Mama alikuwa ameshamimina maziwa kwenye glasi mbili, tukayaacha mezani manake maziwa hayaondoi sumu hii. Kijana akachukua fungu lake la chakula, akachambua ndoo ya taka akapata maganda na vipande viwili vya mguu, akaweka kwenye bahasha ya karatasi. Karatasi, sio plastiki, kwenye plastiki uyoga unavunda haraka na mtaalamu hawezi kuusoma. Saa tatu kasoro walikuwa mapokezi. Wakapewa mkaa wa dawa, wakatolewa damu, wakawekewa dripu.

Saa nane usiku Shangazi akaanza kutapika.

Kurudi kwenye korpi

Jumapili asubuhi mimi na Kijana tukarudi msituni. Daktari alikuwa na vipande ila kile kinachofunga mjadala, kitako cha mguu, kilibaki chini ya sammal. Kijana alikuwa amehifadhi sehemu kwenye ramani ya simu, tukafika bila kutafuta sana.

Visiki vitano vilikuwa palepale, duara ndogo nyeupe kama sarafu zimelazwa kwenye kijani. Nikavaa glavu, sio kwa sababu kugusa kunadhuru, haudhuru kwa kuushika, ila Kijana alikuwa anaogopa. Nikaingiza vidole viwili pembeni ya kisiki nikatanua sammal polepole, maji meusi yakajaa kwenye shimo, nikanyanyua. Ukatoka mguu umekaa ndani ya kifuko cheupe, mdomo wake umechanika, kama yai la kuchemsha lililobanduliwa nusu. Kijana akasema "kumbe lilikuwepo muda wote". Hatua mbili pembeni tukakuta mdogo ambao haujapasuka, yai zima limejificha. Nikaupasua katikati kwa urefu, ndani kofia na mguu vimeshajichora, kijiuyoga kizima kimelala kinasubiri. Picha zikaenda wodini. Jibu likarudi siku ileile, ndio wenyewe.

Tungeishia hapo tungekuwa tumefanya nusu ya kazi. Ile suppilovahvero iliyokuwa inakauka kwenye magazeti Mama alikuwa ameikusudia kwa wiki nzima. Nikamwambia Kijana tuipitie mmoja mmoja, hata kama inachukua saa mbili.

Ikachukua zaidi ya hapo. Suppilovahvero ya kweli kofia ina shimo katikati linaloshuka mpaka mguuni, mguu ni mtupu ndani kama mrija, na chini haina kurasa, ina mikunjo minene inayogawanyika matawi na kuteremka kwenye mguu. Ukishaizoea hata gizani unaijua kwa vidole. Kwenye gazeti la tatu Kijana akasimamisha mkono. "Huu hauna tundu." Mguu umejaa ndani. Kofia rangi ya kutu, ina ncha katikati badala ya shimo, chini kuna kurasa kabisa, nene, zimeachana, rangi ya kutu pia, na kwenye mguu kuna mikanda ya njano iliyofifia. Tukapata mitatu.

Suippumyrkkyseitikki, kitaalamu Cortinarius rubellus. Unaota ndani ya sammal ileile na suppilovahvero, wakati mwingine zimegusana, mtu anayevuna kwa mafungu anaubeba bila kujua. Sumu yake inaitwa orelanini na inakwenda kwenye figo. Dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa mpaka wiki tatu, kiu kali, maumivu ya mgongo, na kufikia hapo nani anakumbuka mchuzi aliokula wiki mbili nyuma? Mama angeunga huo wiki hiyohiyo angepata tatizo la pili akiwa hajamaliza la kwanza. Tukatupa gazeti zima, na mizuri yote iliyokuwa imeigusa.

Matokeo

Shangazi Jumapili ilikuwa mbaya, kutapika na kuharisha bila kupumzika. Jumatatu akaamka mwepesi, akaomba chai, akaomba ruhusa. Madaktari wakakataa, na walikuwa sahihi, manake sumu hii ina siku ya uongo, tumbo linatulia wakati ini linazidi kuharibika. Jumanne vipimo vya ini vikapanda sana, hospitali ikawasiliana na Helsinki, huko ndiko wanakopandikiza ini, akawekwa kwenye uangalizi. Alikuwa anapewa dripu ya dawa za kulinda ini. Alhamisi namba zikaanza kushuka. Alitoka baada ya siku 11 na ini lake mwenyewe.

Mama alitapika kidogo, vipimo vikapanda kidogo, siku nne akatoka. Kijana hakula.

Uchambuzi

Kilichookoa ni swali la Kijana, na lilikuja kwa bahati. Ningependa kusema tulikuwa na utaratibu ila hatukuwa nao. Baada ya hapo vilivyofanya kazi ni viwili: kupiga simu watu wakiwa wazima, na kubeba mabaki. Kila mmoja ninayemfundisha sasa anaanza na hayo kabla hata ya jina la uyoga mmoja.

Kilichoharibu, naanza na changu. Nilimuona Mama akitambua kantarelli vizuri nikampa cheti cha msitu mzima kwa neno moja, mtaalamu. Kujua uyoga ni kujua uyoga huo, mahali hapo. Kantarelli ya huku ilimpa uhakika wa kwamba ndugu wa huku na wa kwao wanafanana tabia, na kwa ukoo ule ni kweli, kwa ukoo wa mweupe ni kifo. Kwao kile kifuko cha chini ni alama ya chakula, kwaiyo hata angekiona siku ile asingeshtuka. Niliwahi kumfungulia picha za uyoga wa miombo baadae, akaweka kidole kwenye Amanita zambiana bila kusita, "huu hapa". Hakuwa amechanganya kichwani mwake hata kidogo, alichanganyikiwa na nchi. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba watafiti wa Ufini na Tanzania walishatoa kitabu cha uyoga wa Tanzania huku Ufini, mjini Helsinki, mwaka 2003, yaani elimu ya pande zote mbili ipo, ila hakuna aliyekaa na Mama akaziweka picha mbili pamoja. Ningeweza kufanya hivyo mwaka wa kwanza, jioni moja tu.

Kisu. Kukata ni sawa kwa uyoga unaoujua. Usioujua unaung'oa mzima, unachimba kwa vidole mpaka mwisho. Kwenye korpi ni lazima zaidi manake sammal ni ndefu na kitako kinazama, unaweza kupata mguu mzuri mrefu ukadhani umeuona wote.

Zile dalili za nyumbani, konokono kala, hauna harufu, tumechemsha tukamwaga maji, na wengine wanaweka kitunguu au kijiko cha fedha waone kama kinageuka rangi, hakuna hata moja inayokamata amatoksini. Konokono anakula uyoga huu na kuendelea na safari yake, mwili wake sio wetu. Programu ya simu nayo ilipewa picha ya juu tu, ikajibu kwa ilichoona. Mimi naitumia kupata mahali pa kuanzia kusoma, chakula siiachii.

Na mfuko wa plastiki. Uyoga umebanana, umevunjika, mweupe na kahawia pamoja, hata kama mngetaka kukagua nyumbani mngekagua makombo. Kikapu, na usioujua unakaa kwenye karatasi yake peke yake.

Kuna wenzangu baada ya kisa hiki walisema tuwaambie watu wetu wasiokote kabisa. Sikubaliani. Msitu huu ni chakula cha bure kwa familia ambazo bei za dukani zinaziumiza, na kwa watu kama Mama ni zaidi ya chakula, ndo mahali pekee huku ambapo mikono yake inajua cha kufanya. Tulichokubaliana na kikundi chetu ni aina tatu tu kwa mwaka wa kwanza, kantarelli, suppilovahvero, na ule mweusi kama tarumbeta, mustatorvisieni. Mweupe wowote hauguswi na mtu yeyote, hata mimi nikiwa nao siwapi. Wengine wanaona tumebana sana, na wabaki wakiona hivyo.

Vuli iliyofuata Mama alirudi, ilimchukua mpaka Oktoba. Shangazi alikuja naye akabaki kwenye gari na chupa ya chai. Mama akaingia na kikapu, akapiga magoti kwenye sammal, akachukua suppilovahvero ya kwanza, akaigeuza juu chini, akaangalia mikunjo, akakata mguu akapuliza kwenye tundu. Halafu ya pili hivohivo. Tulikaa saa tatu tukajaza robo ya kikapu.